Watunzaji wa Kompyuta Katika Kampuni Zisizouza Kompyuta



Miongoni mwa maombi tunayopokea kutoka kamati za parokia, mawili huja kwa wingi. La kwanza ni kumsaidia kijana ada ya masomo ya kompyuta. La pili ni kununua kompyuta kwa ajili ya zahanati, shule au chama cha akiba na mikopo. Maombi yote mawili ni mema. Lakini mara nyingi kuna maswali mawili ambayo hayajibiwi: kijana huyo akihitimu atafanya kazi wapi? Na kompyuta hizo zitatunzwa na nani?

Majibu ya maswali hayo hukutana mahali pamoja. Watu wengi wenye ujuzi wa kompyuta hawaajiriwi na kampuni za kompyuta. Wanaajiriwa na benki, hospitali, viwanda vya sukari, bandari, mashirika ya ndege, mamlaka za maji na maduka makubwa, yaani taasisi ambazo shughuli yao ni nyingine kabisa. Humo ndani kuna kitengo cha TEHAMA, ambacho mara nyingi ni chumba kimoja au viwili mwishoni mwa korido. Katika toleo hili tunaeleza kitengo hicho hufanya nini, kwa nini kazi yake haionekani, na ni hasara gani hutokea kinapopuuzwa. Tutamalizia na mambo ambayo kamati na wafadhili wanaweza kuyafanyia kazi.

Kazi iliyoanzia kwa waoka mikate

Wengi hufikiri kwamba kompyuta za ofisini zilibuniwa na kampuni za kompyuta, kisha wafanyabiashara wengine wakazinunua. Historia inaonyesha jambo tofauti. Kompyuta ya kwanza kufanya kazi za kawaida za biashara iliundwa na J. Lyons and Company ya Uingereza, kampuni iliyokuwa ikiuza chai, mikate na keki, na kuendesha mikahawa mingi.

Mwaka 1947 Lyons iliwatuma maofisa wake wawili nchini Marekani kuangalia mbinu mpya za kazi za ofisi. Huko walijifunza habari za mashine mpya za kukokotoa hesabu za kisayansi, wakaona kwamba zingeweza pia kupunguza mzigo wa makarani. Kampuni ikachangia fedha katika mradi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge, halafu ikaunda mashine yake yenyewe, ikaiita LEO. Mwezi Novemba 1951 LEO ilianza kazi yake ya kwanza ya mara kwa mara, nayo ilikuwa kukokotoa thamani ya bidhaa zilizotoka katika matanuri ya kampuni. Baadaye ilikabidhiwa pia hesabu za mishahara.

Tunaitaja habari hii kwa sababu ina somo. Watu wa Lyons walianza na mikate, si na mashine. Walijiuliza: tumeoka kiasi gani, unga umegharimu kiasi gani, na tunapata wapi faida? Mashine ilikuja kujibu maswali hayo. Hadi leo, mtu wa kompyuta anayefaa katika kampuni isiyo ya kompyuta ni yule anayeielewa kwanza shughuli ya mwajiri wake.

Wanafanya nini kila siku?

Kazi za kitengo cha TEHAMA zinaweza kugawanywa katika mafungu matano.

Kwanza, kuwasaidia watumiaji. Muuguzi amesahau neno lake la siri, mhasibu hawezi kuchapa hati za malipo, meneja amepokea barua pepe ya kutilia shaka. Watu hawa hupiga simu kwenye dawati la msaada, na wote wana haraka.

Pili, kutunza mtandao na seva, yaani kompyuta kuu zinazohudumia kompyuta nyingine. Humo mna nyaya, vifaa vya kuunganisha, betri za akiba na jenereta.

Tatu, kutunza programu za shughuli yenyewe: hesabu, mishahara, stoo, usajili wa wagonjwa, mikopo ya wanachama. Sheria ya kodi ikibadilika, programu ya mishahara lazima ibadilishwe kabla ya mwisho wa mwezi.

Nne, ulinzi na akiba. Hapa ndipo huamuliwa nani anaruhusiwa kuona nini, na ndipo masahihisho ya usalama huwekwa na nakala za akiba hutengenezwa na kujaribiwa.

Tano, kushughulika na wauzaji. Kuna leseni za kulipia, mikataba ya matengenezo na mashine za kuagiza. Fundi asiyejua kusoma mkataba anaweza kuiingiza taasisi katika gharama ya miaka mingi.

Sehemu kubwa ya kazi hizi hufanyika wakati wengine wamelala. Benki haiwezi kuzima seva saa nne asubuhi wakati wateja wamepanga foleni. Kwa hiyo mabadiliko makubwa hufanywa usiku, Jumapili au sikukuu, na asubuhi wafanyakazi wakifika hukuta kila kitu kinakwenda kama jana. Hiyo ndiyo dalili kwamba kazi imefanyika vizuri.

Kwa nini kazi hii haionekani?

Katika kampuni inayouza programu, mwandishi wa programu ndiye anayetengeneza bidhaa. Mapato yanatoka mikononi mwake, naye hutendewa hivyo. Katika kiwanda cha sukari bidhaa ni sukari. Bodi inapokutana huona magunia yaliyouzwa upande wa mapato, na kitengo cha TEHAMA huonekana upande wa gharama, pamoja na umeme, ulinzi na usafi. Mwaka ukiwa mgumu, gharama hizo ndizo za kwanza kupunguzwa.

Kuna sababu nyingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wote tunakubali. Shida ni kwamba aliyeziba ufa hana ukuta mpya wa kuwaonyesha watu. Wakubwa kati yetu wanakumbuka mwaka 2000 ulipokaribia. Programu nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, kwa hiyo mwaka 2000 ungeonekana kama 1900. Kwa miaka kadhaa mafundi wa benki, mashirika ya ndege na serikali walipitia programu na kuzisahihisha. Tarehe 1 Januari 2000 ilipofika, matatizo yaliyojitokeza yalikuwa machache na madogo. Baadhi ya watu wakasema kelele zote zile zilikuwa za bure na fedha zilipotea. Ni wachache waliofikiri kwamba huenda utulivu ule ulitokana na kazi iliyofanywa kabla.

Siku kampuni ya meli ilipokosa kompyuta

Tuangalie sasa mfano mmoja mkubwa. Maersk ya Denmark ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa duniani za kusafirisha makontena. Makontena yenye jina lake yanaonekana pia katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Biashara yake ni meli na mizigo, si kompyuta.

Tarehe 27 Juni 2017 kompyuta za kampuni hiyo zilianza kuzimika, moja baada ya nyingine, katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Kirusi kilichoitwa NotPetya kilikuwa kimeingia. Kilianzia Ukraine, ambako wadukuzi walikipenyeza kupitia programu ya uhasibu iliyotumiwa na kampuni nyingi za nchi hiyo kwa mambo ya kodi. Kilijifanya kinadai fedha ili kufungua mafaili, lakini kwa kweli kilikusudiwa kuharibu tu. Mwezi Februari 2018 serikali za Uingereza na Marekani zilitamka kwamba jeshi la Urusi ndilo lililohusika, Urusi ilikana.

Meli zenyewe ziliendelea kuelea na winchi zilikuwa nzima. Lakini katika vituo kadhaa vya bandari malori yalipanga foleni getini, kwa sababu hakuna aliyeweza kujua kontena lipi ni la nani na linakwenda wapi. Wafanyakazi walipokea maombi ya wateja kwa simu zao binafsi na kuandika kwenye karatasi.

Jambo lililowatia hofu zaidi mafundi lilikuwa kupotea kwa orodha kuu ya watumiaji na ruhusa zao. Msomaji anaweza kuilinganisha na daftari la ubatizo la parokia: likipotea, hujui tena nani ni nani. Maersk ilikuwa na kompyuta zipatazo 150 zenye orodha hiyo katika ofisi mbalimbali duniani, na kila moja ilijisahihisha kutoka kwa nyingine. Ilidhaniwa kwamba moja ikiharibika, nyingine zitabaki. Hakuna aliyepanga kwa ajili ya siku ambayo zote zingeharibika pamoja.

Kwa mujibu wa taarifa za waandishi wa habari waliozungumza na wafanyakazi wa kampuni hiyo, ilipona kompyuta moja tu, nayo ilikuwa Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko kabla kirusi hakijafika, hivyo kompyuta hiyo haikuwa kwenye mtandao. Intaneti ya ofisi ile ilikuwa ya polepole mno kutuma data nyingi kiasi kile, na wafanyakazi wake hawakuwa na viza ya Uingereza, ambako kazi ya ukarabati ilikuwa ikifanyika. Basi mmoja wao alisafiri hadi Nigeria, akakutana uwanja wa ndege na mwenzake, akamkabidhi diski. Mwenzake akapanda ndege kwenda London.

Mwezi Januari 2018 mwenyekiti wa bodi ya Maersk alieleza hadharani kwamba mafundi waliweka upya seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500 kwa muda wa siku 10. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola za Marekani milioni 250 na 300.

Je, hakuna aliyeliona tatizo kabla? Waandishi hao waliripoti kwamba mwaka 2016 baadhi ya wakuu wa TEHAMA wa kampuni hiyo walishauri ulinzi wa mtandao wote uimarishwe. Ushauri ulikubaliwa na hata bajeti ikatengwa. Lakini utekelezaji wake haukuwekwa miongoni mwa malengo ambayo wakuu wa kitengo hicho walipimwa nayo na kulipwa marupurupu. Kwa hiyo haukusonga mbele. Tunaomba wanakamati walitafakari jambo hili. Fedha zilikuwepo na maarifa yalikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuulizwa: umefikia wapi?

Hospitali nazo

Mwezi mmoja na nusu kabla ya hapo, tarehe 12 Mei 2017, kirusi kingine kilichoitwa WannaCry kiliingia katika hospitali za umma za Uingereza. Kati ya mamlaka 236 zinazoendesha hospitali na huduma za afya za umma katika England, takriban theluthi moja ziliathirika. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali ya nchi hiyo ilieleza kwamba miadi na upasuaji vilivyoahirishwa vilikadiriwa kufikia 19,000. Masahihisho ambayo yangezuia kirusi hicho yalikuwa yametolewa tangu mwezi Machi 2017, na hospitali zilikuwa zimeonywa.

Tusiwe wepesi wa kuwalaumu mafundi. Kompyuta ya hospitali huenda imeunganishwa na mashine ya kupiga picha za mwili. Kuibadilisha bila idhini ya mtengenezaji kunaweza kuizima mashine yenyewe. Wodi hazifungwi usiku wala Jumapili. Fundi anayeomba saa mbili za kuzima mfumo anaonekana kama anawazuia madaktari wasiwatibu wagonjwa. Ndiyo maana uamuzi wa lini matengenezo yafanyike si wa fundi peke yake. Ni wa uongozi.

Kwa vijana na wazazi wao

Kazi hii ni kazi ya heshima, na nafasi zake zipo hata nje ya miji mikubwa, kwa kuwa wilaya nyingi zina hospitali, shule na vyama vya ushirika. Lakini kijana aijue ilivyo. Atahudumia watu wasioelewa anachofanya. Atapigiwa simu usiku. Katika taasisi ndogo huenda akawa peke yake, bila mkubwa wa kumfundisha, na ujuzi wake unaweza kuzeeka haraka asipojisomea.

Kwa hiyo tunashauri, pamoja na masomo ya kompyuta, ajifunze misingi ya utunzaji wa hesabu, uandishi wa taarifa fupi na namna ya kumweleza jambo mtu asiye fundi bila kumdharau. Mafunzo kwa vitendo ayafanye hospitalini au katika chama cha akiba na mikopo, asingoje kampuni ya kompyuta tu. Pia ajue kwamba ameaminiwa siri za watu. Atakuwa na uwezo wa kuona mishahara, madeni na magonjwa ya majirani zake. Sheria sasa zinalitazama jambo hili kwa uzito: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwa kamati za parokia

Zahanati yenye kompyuta tano si Maersk. Hata hivyo mambo manne yanafanana, na hayahitaji fedha nyingi.

1. Iwepo orodha ya kompyuta na programu zote, mwaka zilipopatikana, na jina la mtu anayewajibika.

2. Iwepo nakala ya akiba inayohifadhiwa nje ya mtandao, katika jengo lingine. Mfano wa Ghana unatufundisha kwamba nakala nyingi zilizounganishwa pamoja zinaweza kupotea pamoja. Na nakala ijaribiwe. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa si ya kutegemea.

3. Maneno ya siri ya mifumo mikuu yasikae kichwani mwa mtu mmoja. Yaandikwe, yatiwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, yahifadhiwe kwenye sefu. Fundi akiugua au akihama, huduma isisimame.

4. Daftari la karatasi lisitupwe. Wafanyakazi wajue watakavyosajili wagonjwa siku ambayo kompyuta hazifanyi kazi, na walifanyie zoezi.

Kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa ukarimu wenu. Tunaomba tuseme jambo moja wazi. Kompyuta hununuliwa siku moja, lakini hutunzwa miaka mingi. Ni rahisi kupata mtu wa kuchangia mashine zenye kibandiko cha jina lake, na ni vigumu kupata wa kuchangia mshahara wa fundi, leseni, betri na bando la intaneti. Lakini bila hivyo vya pili, vya kwanza huishia stoo vikiwa na vumbi.

Wanaotaka kutuma kompyuta zilizotumika tunawaomba waulize kwanza kama programu yake kuu bado inapewa masahihisho ya usalama. Kwa mfano, msaada wa kawaida wa bure kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyopata masahihisho, ikiwekwa kwenye mtandao wa zahanati, ni mlango usio na komeo.

Njia bora ni bajeti ya mradi kuonyesha tangu mwanzo gharama za angalau miaka mitatu: mashine, mtu wa kuitunza, mafunzo yake, na fedha za kununua nyingine hiyo itakapochakaa. Parokia kadhaa zilizo karibu zinaweza pia kuungana na kumwajiri fundi mmoja anayezizungukia kwa zamu.

Maswali ya kujadili katika kamati

Nani anatunza kompyuta za taasisi zetu, na ana muda wa kutosha kwa kazi hiyo? Nakala ya akiba ya mwisho ilifanyika lini, na nani ameifungua akahakikisha inasomeka? Kompyuta zote zikizimika kesho asubuhi, tutaendeleaje hadi jioni? Na fundi wetu akileta ombi la matengenezo, hujibiwa na nani, na baada ya muda gani?

Kamati zitakazojibu maswali haya kwa maandishi tunaziomba zituletee majibu pamoja na taarifa zao za robo mwaka, ili katika kupanga misaada ijayo fedha za matunzo zihesabiwe pamoja na fedha za kununua.